Umebofya X, lakini WhatsApp yako bado iko steshenari

Kila dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu linapofunguliwa, kuna madirisha mengine kibao yanafunguliwa Korogwe na Handeni, na hayo hakuna anayeyatangaza. Ni yale ya kwenye kompyuta za steshenari.

Maombi yenyewe yanafanyika mtandaoni, kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, HESLB. Lakini simu peke yake haikufikishi mwisho. Kuna fomu ya kuprinti, ya kupeleka serikali ya mtaa igongwe muhuri, kisha ya kuskani na kuipandisha tena kwenye mfumo. Kuna cheti cha kuzaliwa kinachotakiwa kuhakikiwa RITA. Wengi wetu hatuna printa nyumbani, kwa hiyo tunaishia kwenye benchi la steshenari tukisubiri zamu.

Sasa chukulia uko Korogwe mjini, gari la Handeni linajaza abiria na konda anaita. Cheti chako kiko WhatsApp. Dada wa steshenari anakufungulia WhatsApp kwenye kompyuta, unaskani ile QR kwa simu yako, chati zako zinatokea kwenye skrini kubwa, cheti kinashushwa na kuprintiwa. Unanyoosha mkono, unabofya X ya juu kulia, dirisha linapotea. Unalipa, unakimbilia gari.

Gari likifika Handeni, zaidi ya kilomita 60 mbele, WhatsApp yako bado iko Korogwe. Atakayeifungua kwenye kompyuta ile anaweza kuikuta hewani, na meseji zinazoingia kwenye simu yako zinaingia na kule.

Hakuna aliyekudukua. Dirisha lilifungwa kweli. Ila dirisha ni kitu kimoja, programu ni kitu kingine, na akaunti yako ni kitu cha tatu kabisa.

Mfano wa duka la dirishani

Fikiria duka la mtaani lile linalouzia kupitia kadirisha kenye nondo. Mangi akifunga dirisha saa tatu usiku, haina maana ameondoka. Anaweza kuwa ndani anahesabu mauzo, na ukigonga anakufungulia. Na hata akitoka akaenda kulala, daftari la madeni lenye jina lako bado liko juu ya kaunta.

Kompyuta iko hivyo hivyo. Dirisha ni sehemu unayoionea programu tu. Programu ni huyo mtu wa ndani, anaweza kuendelea na kazi bila dirisha lolote kuwa wazi. Akaunti ni daftari: hata programu ikizimwa, hata kompyuta ikizimwa ukutani, kesho ikiwashwa inakumbuka kwamba wewe uliingia.

Kwa hiyo kuna kufunga dirisha, kuna kuzima programu, na kuna kutoka kwenye akaunti. X inafanya la kwanza. La pili inalifanya wakati mwingine. La tatu haifanyi, isipokuwa pale mfumo wenyewe umetengenezwa kukutoa.

Tatizo ni kwamba sisi tumejifunzia kompyuta kwenye simu. Kwenye simu programu moja inachukua kioo chote, ukitoka umetoka, na Android ikiona kumbukumbu imejaa inazima yenyewe zile ambazo huzitumii. Huhitaji kujua nani yuko nyuma ya pazia. Tena simu ni yako, haikai kwa mtu. Tabia hiyo ukiibeba kwenda nayo kwenye kompyuta inayotumiwa na watu 50 kwa siku, inakugharimu.

Mbona X ya huku na ya kule hazifanani?

Hapa ndipo wengi tunachanganyikiwa, na sio kosa letu.

Programu nyingi za sasa zinatengenezwa mara moja ili zifanye kazi kwenye Windows, kwenye Mac za Apple na kwenye Linux. Sio jambo geni hata kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na iliweza kukaa kwenye Windows na kwenye Linux pia.

Siku hizi chombo maarufu cha kazi hiyo kinaitwa Electron. Kilianzia kampuni ya GitHub mwaka 2013 kikiitwa Atom Shell, jina likabadilishwa mwaka 2015. Kinachofanya ni kuchukua injini ile ile inayoendesha kivinjari cha Chrome, kuifunga pamoja na programu, na kukupa kitu kinachoonekana kama programu ya kawaida. Slack, Discord na Visual Studio Code zimejengwa juu yake. Telegram ya kompyuta imetumia chombo kingine, Qt, lakini lengo ni lile lile: andika mara moja, peleka kila mahali.

Shida ni kwamba kila mfumo una desturi zake. Kwenye Windows, mtu anategemea kwamba akifunga dirisha la mwisho, programu nayo imezimika. Kwenye Mac desturi ni tofauti: kile kiduara chekundu juu kushoto kinafunga dirisha tu, programu inabaki hai hadi uizime kwa Command na Q. Kwenye Linux inategemea umeweka mazingira gani.

Mtengenezaji wa programu ndiye anayeamua afuate desturi ipi. Electron inamtumia taarifa pale dirisha la mwisho linapofungwa, na mfano unaofundishwa kwa kila anayeanza unasema hivi: kama hii sio Mac, zima programu, kama ni Mac, iache iendelee. Mstari mmoja wa maelekezo. Lakini mtengenezaji ana uhuru wa kuuandika tofauti, na wa programu za chati mara nyingi anauandika tofauti, kwa sababu anataka meseji ziendelee kuingia hata kama dirisha halipo. Programu ya chati ikizimika kabisa, huwezi kuona arifa.

Ndiyo maana ukifunga Telegram kwa X kwenye Windows, kwa kawaida haiondoki. Inajikunja na kuwa aikoni ndogo chini kulia, karibu na saa. Wakati mwingine hata aikoni yenyewe huioni, imefichwa nyuma ya kale kamshale kanakoangalia juu. Bofya hapo siku moja ukiwa steshenari, utashangaa wangapi wamelala humo.

Ukitaka kuizima kweli, bofya aikoni hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague Quit au Exit. Chrome nayo ina kipengele kwenye mipangilio ya mfumo kinachoruhusu kazi za nyuma kuendelea hata baada ya kuifunga. Mwenye steshenari anayejali angekizima leo.

Na kama uliwahi kuona kompyuta inakwama kwa sababu mtu amebofya aikoni ile ile mara tano akidhani haijasikia, hilo nalo ni suala la madirisha. Kwenye programu za Electron, kwa kawaida kila dirisha linaendeshwa kama kazi yake ya pekee ndani ya kompyuta, na kila moja linakula RAM. Mashine ya GB 4, ambayo ndiyo utakayoikuta steshenari nyingi, haifiki mbali. Watengenezaji makini wanaweka kufuli: ukibofya mara ya pili, programu haifungui nakala mpya, inaleta mbele dirisha lililopo. Wasio makini wanakuachia wewe uhangaike nalo.

Dirisha la faragha nalo lina mtego

Wapo wanaojua mambo, wanamwambia mhudumu, “Kaka, nifungulie kwenye incognito.” Ni wazo zuri. Dirisha la faragha halihifadhi historia, na ukilifunga linasahau kwamba uliingia kwenye akaunti.

Lakini kuna kipengele ambacho hakisemwi sana. Kwenye Chrome, madirisha yote ya faragha yaliyofunguliwa kwa wakati mmoja yanatumia kumbukumbu moja. Kama mteja aliyekutangulia aliacha dirisha lake la faragha wazi chini ya lile lako, basi ukiingia kwenye akaunti ya HESLB au Ajira Portal, ukafunga la kwako ukaondoka, akaunti yako haijafungwa. Itasahaulika pale dirisha la mwisho la faragha litakapofungwa. Mtu akifungua tovuti ile ile kwenye dirisha lililobaki, anaweza kujikuta ndani ya akaunti yako.

Kwenye Ajira Portal hapo kuna vyeti vyako, namba ya NIDA, wadhamini wako na namba zao. Kwenye maombi ya mkopo kuna taarifa za wazazi.

Kwa hiyo kabla hujaingia popote, angalia kwenye upau wa chini kama kuna dirisha jingine la faragha. Likiwepo, mwombe mhudumu ayafunge yote na aanze upya. Na ukimaliza, bofya kwanza ile sehemu ya kutoka kwenye akaunti, ndipo ufunge dirisha. Mpangilio huo ni muhimu.

Kitu kingine ambacho faragha haikifuti ni faili lililoshushwa. Cheti ulichokishusha ili kiprintiwe kinabaki kwenye folda ya Downloads, hata kama umetoka WhatsApp na hata kama ulitumia incognito. Folda hizo zinajaa vyeti vya watu, barua za kazi, hati za viwanja na majibu ya hospitali. Mwombe afute cha kwako, kisha akitoe na kwenye kapu la takataka la kompyuta. Sio kumkosea heshima. “Dada samahani, nifutie na kile cheti” inatosha.

Dirisha lililokimbilia kwenye projekta

Walimu na watumishi wa halmashauri wanalijua hili. Umeunganisha kompyuta mpakato na projekta ya ukumbini, umemaliza kikao, umechomoa waya. Siku ya pili unafungua programu, aikoni inaonekana chini, dirisha halionekani popote.

Halijapotea. Programu nyingi zinakumbuka mahali dirisha lilipokuwa mara ya mwisho, na mara ya mwisho lilikuwa ukutani. Mtengenezaji makini anaiambia programu ihakikishe kwanza kama skrini ile bado ipo. Asipofanya hivyo, dirisha linafunguka mahali ambapo hakuna skrini.

Kwenye Windows, bofya aikoni ya programu, bonyeza Alt na kitufe kirefu cha nafasi, kisha herufi M, kisha gusa mshale wowote wa kwenye kibodi mara moja, halafu sogeza mausi. Dirisha litakuja limeng'ang'ania mshale wa mausi. Kama waya wa projekta bado umechomekwa, bonyeza kitufe cha Windows na P, uchague kuonyesha kwenye kompyuta pekee.

Lililo baya zaidi ni kinyume chake: dirisha lisilotakiwa kuonekana, linaonekana. Kwenye kikao cha Zoom, unapoulizwa ushirikishe nini, chagua dirisha moja unaloliwasilisha, usichague skrini nzima. Ukichagua skrini nzima, ile meseji ya mwenye nyumba anayedai kodi itasomwa na kikao chote, kuanzia mwenyekiti.

Sasa ufanyeje kama ulishaondoka?

Turudi kwa yule wa kwenye gari la Handeni. Hahitaji kurudi Korogwe, wala kumpigia mtu wa steshenari, wala kuomba kompyuta izimwe. Kuzima kompyuta hakumtoi.

Kila kitu kiko kwenye simu yake. Fungua WhatsApp, ingia kwenye menyu, tafuta Vifaa vilivyounganishwa, au Linked devices kama simu iko kwa Kiingereza. Utaona orodha ya mahali akaunti yako ilipo, pamoja na muda ilipotumika mara ya mwisho. Gusa ile usiyoitambua au usiyoihitaji, chagua kutoka. Steshenari kule dirisha litarudi kwenye ukurasa wa QR kompyuta ikiwa na mtandao. Dakika moja, na bando lake halifiki hata la kutazama video moja.

Fanya hivyo hata kama hukumbuki ni lini uliunganisha. WhatsApp inaruhusu hadi vifaa vinne zaidi ya simu, na tangu mwaka 2021 vifaa hivyo havitegemei simu yako iwe hewani. Zamani ukizima data ya simu, WhatsApp ya kompyuta nayo inakata, kwa hiyo ulikuwa salama kwa bahati. Sasa hivi haikati. Itakutoa yenyewe kama hujatumia simu yako kwa siku 14, na nani anakaa siku 14 bila kugusa WhatsApp?

Telegram nayo ina sehemu yake, Mipangilio kisha Vifaa. Hapo unaweza kufuta vikao vyote isipokuwa cha simu uliyoshika, na kuweka muda ambao kifaa kisichotumika kitaondolewa chenyewe. Weka mfupi kadiri inavyowezekana. Gmail ina orodha ya namna hiyo kwenye usalama wa akaunti ya Google.

Kwa nini nalivalia njuga? Kwa sababu sote tunazijua meseji za “ile hela itume kwenye namba hii.” Zikitoka kwenye namba ngeni, mama anazifuta. Lakini ikitoka kwenye WhatsApp yako mwenyewe, yenye picha yako, chini ya mazungumzo mliyofanya jana kuhusu hela ya fomu, atatuma. Mwizi hahitaji kuwa mtaalamu. Anahitaji kiti mbele ya kompyuta ambayo hukutoka.

Kisheria, anayefanya hivyo ana makosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na ina kifungu cha kukataza kuendelea kubaki kwenye mfumo baada ya muda ulioruhusiwa kwisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Lakini kesi inachukua muda, na hela ya mama ikishatolewa kwa wakala imeshatolewa.

Kwa wenye steshenari, kuna njia rahisi kuliko kumlinda kila mteja mmoja mmoja. Chrome ina hali ya mgeni, ambayo inamfungulia mteja dirisha lisilo na akaunti ya mtu yeyote, na yakifungwa madirisha ya mgeni, alichoingia nacho kinafutwa, isipokuwa faili alizoshusha. Folda ya Downloads ifutwe kila jioni mnapofunga mauzo. Na kazi nyingi za kuprinti hazihitaji kabisa WhatsApp ya mteja kuingia kwenye mashine yenu: mteja anaweza kuituma faili kwenye namba ya ofisi, au kuileta kwa waya wa USB au flashi, ingawa flashi nazo zinaleta virusi, hilo tuliongelee siku nyingine.

Kama unasoma hii na umewahi kuprinti chochote kwa WhatsApp mwaka huu, fungua ile orodha ya vifaa sasa hivi kabla hujaendelea na habari nyingine. Ukikuta “Windows” na wewe kompyuta huna, gusa hapo, utoke.